Onyesho Lililoaga Kabla ya Kusalimia

Jina lake la kuzaliwa walilijua mkewe na ofisi ya utumishi tu. Sisi wengine tulimwita Mzee Haloo, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyepokea simu za hospitali kuu. Macho yake yalizimwa na surua akiwa mtoto, lakini masikio, nakwambia, masikio yale yalikuwa balaa. Ulikuwa hujamaliza kujitambulisha, yeye keshakujibu, "Daktari, hayo mafua bado tu hayajakuachia?"

Kisha hospitali ikaleta mtambo unaojibu wenyewe. Bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri. Mzee Haloo akaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Saa ya ukutani, jamani, kwa mtu asiyeona! Sijui nani alilifikiria hilo. Alirudi nayo nyumbani akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Miezi minane baadaye kicheko kilikuwa kimekwisha. Hakuogopa uzee, aliogopa kukaa bure. "Mama watoto," alimwambia mkewe, "nikikaa hapa mwaka mwingine mtanifuta vumbi pamoja na kabati."

Mkewe hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimletea kompyuta kuukuu ya kaka yake, akamtafutia programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa, akamwekea mbele boksi zima la diski za muziki. "Ziingize humu, uzipange. Mimi nimechoka kuzikanyaga."

Alizinakili zote kwa wiki mbili. Akaanza kupanga ile albamu aliyoipenda kuliko zote, ya diski mbili. Akaandika majina ya nyimbo, jina la albamu na namba za nyimbo, akajiona bingwa. Kuicheza, loo! Wimbo wa kwanza wa diski ya kwanza ukafuatwa na wimbo wa kwanza wa diski ya pili, kisha wa pili na wa pili, kama watu wawili wanaogombea kusimulia kisa kimoja. Kumbe kisanduku cha namba ya diski alikiacha kitupu, na kompyuta haikisii. Usipoiambia hii ni diski ya pili, kwake kila namba moja ni namba moja. Basi akarudia upya, albamu moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu aagwe, akachelewa chakula cha mchana kwa sababu ana shughuli.

Mkewe ndiye aliyesikia kwamba kituo cha redio kinatafuta mtu wa kupanga maktaba yake ya muziki. Alimpigia shati pasi bila kumuuliza.

Chumba cha usaili kilinukia zulia jipya. Walikuwamo watu wawili: meneja, ambaye alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukata maneno, na fundi mitambo, ambaye alimnong'oneza meneja, "Huyu nyimbo ataziona vipi?"

Kumnong'onezea mtu mbele ya Mzee Haloo ni kujisumbua bure. "Fundi," akasema, "nyimbo zimeanza kuonekana lini?"

Meneja akacheka. Mzee Haloo naye akatabasamu. Aliitaka kazi ile. Tangu siku alipopeleka posa hakuwahi kutaka kitu namna hiyo.

"Haya mzee, mtihani wako ni huu," meneja akasema. "Onyesho la bendi moja ukumbini, diski nne, nyimbo thelathini na sita. Makasha yameliwa na panya, diski zenyewe ziliazimwa hazikurudi. Fundi alizinakili zote kwenye folda moja bila majina wala namba ya diski. Tuna nyimbo nne zenye namba moja, nne zenye namba mbili, mpaka tisa. Kila tukizigawa diski kwa kubahatisha na kulirusha hewani, bendi inaaga kabla haijasalimia. Wasikilizaji wanatucheka."

Mzee Haloo akaomba vipokea sauti. Hakusikiliza nyimbo, alisikiliza mikia yake. Makofi yalikatwa katikati, kila wimbo ukimalizia shangwe iliyoanzia kwenye wimbo uliotangulia. Palikuwa na jamaa mmoja aliyepiga mluzi na mama mmoja aliyepiga kelele "Rudia!" Akawafuata hao wawili, kutoka mkia hadi kichwa, mpaka akapata minyororo minne ya nyimbo tisa tisa.

Mnyororo wenye salamu ulikuwa wa kwanza, wenye kuaga wa mwisho. Hiyo miwili ya kati ndiyo iliyomtoa kijasho. Yote ilianza polepole na kufifia polepole, bila makofi ya kuiunganisha, na mpiga mluzi alikuwamo kotekote.

"Weka wowote," fundi akasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akajibu, kwa ukali uliomshangaza hata mwenyewe. Akaacha makofi, akasikiliza koo la mwimbaji. Koo la mtu aliyelitumia saa nzima na la aliyelitumia saa mbili si sawa, na hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu, lilimpata mwenyewe kila zamu ya simu. Katika mnyororo mmoja sauti bado ilikuwa laini. Katika mwingine ilishaanza kukwaruza, na kabla ya wimbo wa saba mwimbaji alikohoa kidogo pembeni. Mzee Haloo akajaza visanduku: moja, mbili, tatu, nne.

Meneja akacheza maungio yote ya nyimbo. Bendi ikasalimia, ikatumbuiza, ikachoka, ikaaga.

"Mzee, nisamehe," fundi akasema mwishowe. "Nilihangaika nalo mwezi mzima."

Meneja akamshika mzee mkono, akampeleka chumba cha pili, akamwekea kiganja kwenye rafu. Mzee Haloo akatembea akipapasa migongo ya diski, ukuta mzima, akageuka kona, ukuta mwingine. Akasimama katikati, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Zote hizi?"

"Zote. Fundi anasema ni kazi ya miaka miwili."

"Fundi ana haraka, mama," akasema Mzee Haloo. "Andika mitatu."