Mtori wa Mgonjwa Wangu

Leo akina mama wa jumuiya wamekuja kumwombea mgonjwa wangu, na wote wamekimbia isipokuwa mmoja.

Jumapili nilimwambia mzee wa kanisa kwamba sitahudhuria ibada kwa kuwa nina mgonjwa nyumbani. Sikusema uongo.

Mgonjwa ni Tulia, chatu niliyemlea miaka tisa. Ana nimonia. Daktari wa mifugo aliniambia jana kwamba asipokunywa maji leo, hatapona.

Leo saa nne akina mama wakabisha hodi, wamebeba chupa ya mtori wa ndizi na nyama.

"Shikamoo, Mwalimu. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikawafungulia chumba.

Sijapata kuona jumuiya ikitoka mlangoni bila utaratibu kiasi kile.

Akabaki Mama Elirehema, ameshikilia mlango.

"Mwalimu, na huyu anaombewa?"

"Anaumwa, mama."

Akafumba jicho moja, la pili akamwachia Tulia, akaomba kwa ufupi sana.

Jioni hii Tulia ameinua kichwa, akanywa maji. Mtori nimeunywa mimi.

Nimempigia simu Mama Elirehema kumpa habari.

"Basi kesho nitakuja tena. Ila nitaombea dirishani."

Nanyi mliokimbia, karibuni. Dirisha ni pana.