Baba wa Kaya

Vestina amelima ekari zile tatu nyuma ya josho kwa miaka kumi na minane. Sita ya mwisho amelima peke yake, tangu Méthode, mume wake, afariki. Mihogo, mahindi, maharage. Mimi ni jirani yake, nasema nilichokiona, na nawaeleza hili mapema ili mjue aliyeibiwa ni nani.

Aliyemwibia ni Zefania, mtendaji wa kijiji chetu, na alimwibia kwa neno moja. Wapimaji walipokuja kutoka Mpanda kuandaa hati za mashamba, alibandika tangazo kwenye mlango wa ofisi: "Baba wa kaya afike Jumatatu na kitambulisho."

Vestina alifika wa kwanza kwenye foleni.

"Mama, we hujui kusoma?" Zefania akamuuliza mbele ya watu. "Limeandikwa baba."

"Baba alishafariki, mtendaji. Mwenye kaya ni mimi."

"Basi lete mwanaume wa ukoo."

Hakuhitaji kuletwa. Shemeji yake Gratien, mtu asiyewahi kushika jembe kwenye shamba lile hata siku moja, alikuwa amesimama nyuma ya foleni. "Nipo hapa," akasema. "Baba wa kaya ni mimi." Wakamwandika. Nilikuwepo, nikanyamaza, na najichukia mpaka leo.

Mwezi Machi mvua ikaziba mtaro wa barabara. Zefania akabandika tangazo jingine: "Baba wa kaya wote wafike Jumamosi na majembe." Vestina akapita nyumba kwa nyumba, kwa wajane na kwa walioachwa na waume zao, akaongea nao. Tulikuwa kumi na saba, pamoja na mimi niliyeachwa na mume. Jumamosi ilipofika alikaa nje kwake akamenya mihogo, na mimi nikakaa naye.

Zefania alikuja anahema kwa hasira. "Nyie wanawake mna kiburi gani? Kwa nini hamjaja?"

Vestina hakuinua hata kichwa. "Mtendaji, we hujui kusoma? Limeandikwa baba."

Wiki iliyofuata tangazo lilisomeka: "Kila mkuu wa kaya, mwanamke au mwanaume." Mgeni mmoja kutoka wilayani alilipiga picha, akamsifu Zefania kwa lugha yake isiyobagua wanawake. Mnafiki yule akatabasamu.

Vestina alilisoma mpaka mwisho. Kisha akabeba jembe lake, akaenda mtaroni, akipita kando ya shamba ambalo hati yake ina jina la Gratien.