Kumpokea Mama Kibodi

Ti. Ti. Ti. Mpaka leo nikisikia saa ya mtu inalia hivyo, miguu yangu inasimama kabla sijajua kwa nini. Ni mlio wa UPS, lile boksi zito la betri lililokaa chini ya meza ya kompyuta katika maktaba yetu ndogo pale Mbinga. Umeme ukikatika, nao ulikatika ulivyotaka wenyewe, boksi lilianza kulia na sisi tulijua tuna dakika kama kumi za kumaliza tulichoanza. Likianza kulia harakaharaka, zimebaki mbili.

Nilikuwa nimeishia kidato cha nne, na cheti changu hakikuwa cha kutundika ukutani. Nilichukuliwa kufuta vumbi kwenye vitabu. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: wanunuzi wapya wa kahawa, maduka ya mitumba, vibanda vya simu, na siku moja kompyuta mbili zilizokwishatumika zikashushwa kutoka kwenye pikapu mlangoni petu. Mzee mkutubi, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alizizunguka mara moja akasema hizi ni za vijana, akanikabidhi. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi. Nilijiona niko Dar, niko Nairobi, niko popote.

Mafunzo yalikuja kwa barua pepe. Kila Jumanne, laini ya simu ikikubali, nilipata somo kutoka kwa mwalimu mmoja wa Dar es Salaam, mwanamke ambaye sijamwona uso hadi leo. Alitufundisha sisi wa maktaba za wilayani namna ya kuwasaidia wananchi wanaokuja kutumia kompyuta, na ukikwama ulimwandikia naye akajibu. Barua yangu ya kwanza ilikuwa shikamoo, kisha habari za nyumbani, za kazi, za mvua, kisha sisi huku tunavuna kahawa, mpaka laini ikatishia kukatika nami sijafika kwenye swali. Nikaituma hivyohivyo. Alijibu marahaba, kahawa ameisikia, sasa kompyuta ina nini?

Somo la nne ndilo lililonishinda. Lilisema mtu akitumia kompyuta usishike mausi yake wala kibodi yake. Mwelekeze kwa mdomo, kisha rudi nyuma. Ukiona mikono inakuwasha, ikalie. Niliona ni utovu wa adabu wa mjini. Kwetu mtu mzima akipita na ndoo au mkoba, unampokea. Humwachi ahangaike wewe umekunja mikono. Na mimi sikuweza kutulia kitini hata kidogo nikiona mtu anaitafuta herufi M.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja kutoka Lituhi, kule ziwani. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye anwani ya barua pepe ya mwanawe aliyekuwa Afrika Kusini mwaka wa sita. Nilimwamkia, nikampokea mkoba uliokuwa unanukia usipa mkavu, dagaa wa ziwa lao, nikamkalisha. Kusoma na kuandika alijua, alijifunza kwenye madarasa ya watu wazima, ila kibodi ilimchanganya. Alibonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja, anapumzika. Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa: vijana wawili wa kupima kahawa, mwalimu wa shule ya msingi, na muuza vitumbua aliyekuja kupumzisha miguu tu.

Baada ya robo saa alikuwa ameandika: Mwanangu baba yako. Basi. Kidole kikabaki hewani.

Mikono ikaniwasha. Nikasogeza kiti, nikaivuta kibodi kwangu kwa upole kabisa.

"Lete nikupokee, mama," nikasema. "Baba yake amefanyaje?"

Benchi likanyamaza kusikiliza. Mama alitazama nyuma, akanitazama mimi, akaivuta khanga yake mabegani.

"Andika anamsalimia."

Nikaandika. Nikaongeza na ya kwangu, kwamba wote wazima, mvua imenyesha, mihogo ipo. Nikatuma. Muuza vitumbua akasema mtoto wa watu ana vidole kama cherehani, nami nikacheka na kujiona nimefanya kazi ya maana. Mama aliaga kwa sauti ndogo.

Jibu lilikuja siku nne baadaye. Wateja wetu hawakuwa na anwani zao. Wote walitumia sanduku moja la maktaba, na majibu niliwachapia mimi kwenye karatasi, kwa hiyo niliyasoma. Kijana alikuwa na furaha. Aliandika kwamba, kwa maneno makali waliyoachana nayo yeye na baba yake, salamu hakuzitegemea tena, na sasa moyo umetulia. Amemwonea baba koti zuri. Anaomba apimiwe mabega.

Mama aliporudi, nilimkabidhi karatasi ile nikitabasamu hadi magego. Aliisoma taratibu, midomo ikicheza, akaikunja mara nne kama ile ya kwanza. Siku hiyo kwenye benchi alikuwepo mtu mmoja tu, amesinzia.

"Baba yake tumeshamzika," alisema. "Alimwita mpaka mwisho. Sijawahi kulisema hilo kwa mdomo, mwanangu. Nilifikiri kwa kidole litatoka."

Akasema atalala kwa dada yake pale mjini, aje asubuhi kujaribu tena, kama inawezekana. Nikasema inawezekana. Alipotoka nilizunguka kile chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamwandikia mwalimu yote, safari hii bila habari za mvua. Nikajitetea kwamba kwetu mtu mzima tunampokea. Jibu lake nililikuta asubuhi, mstari mmoja.

"Mdogo wangu, alikuomba umpokee?"

Nilitoa benchi nje, barazani. Kisha nikasukuma meza mpaka mtu akikaa mgongo wake uwe ukutani, na kioo cha kompyuta asikione mwingine. Mama alipofika nilimwonyesha kitufe cha kutuma, hicho kimoja tu, nikatoka na kurudishia mlango. Wateja walipokuja niliwaambia wasubiri. Kijana mmoja wa kahawa akauliza kuna nini humo, kunazaliwa mtu? Nikamwambia akae.

Saa nne umeme ukakatika. Ti. Ti. Ti.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Herufi moja, anapumzika, herufi moja. Ningeingia ningemalizia kwa dakika moja tu, na kule mbali mtu angejua kabla hajanunua koti. Na barua ikipotea, mama atapata wapi nguvu za kuianza upya? Nikakalia mikono, kwelikweli, viganja chini ya mapaja kwenye benchi lile, yule kijana akinitazama kama nimepungukiwa. Mlio ukaanza kwenda haraka. Kisha kimya.

Mama alitoka macho yameloa, lakini amenyooka. Alisema hajui kama imeenda. Alibonyeza, mara kioo kikawa cheusi. Nikampokea mkoba, hilo alikubali, nikamsindikiza hadi stendi.

Umeme ulirudi alasiri, benchi tupu. Niliunganisha simu nikafungua barua zilizotumwa. Ilikuwepo, juu kabisa. Ilikuwa imeenda. Ukiibonyeza mara moja inafunguka yote. Kidole changu kilikaa juu ya mausi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaifuta bila kuifungua, nikaingia kwenye kapu la taka la kompyuta, nikaifuta na huko.