Benchi la Watu Wawili

Enzi zetu, Jumapili asubuhi nyumba yetu ya Majengo haikuwa na pa kukalia. Nyinyi mliolelewa Eastlands ya Nairobi miaka ile mnanielewa. Kanisa letu lilikuwa banda la mabati nyuma ya soko la Gikomba, sakafu ya udongo, madirisha bila vioo, na halikuwa na kiti hata kimoja isipokuwa cha mchungaji. Kila familia ilitoka kwake na benchi lake, na ibada ikiisha ililirudisha nyumbani. Jioni hiyo hiyo tulilikalia tukila ugali na sukuma wiki. Mimi nimekua nikijua kwamba ubao niliokalia nikiomba ndio niliokalia nikigombezwa kwa kulamba sukari. Hatukuwa na tabia ya kanisani na nyingine ya nyumbani, maana benchi lilikuwa moja.

Letu Baba alilitengenezesha kwa fundi wa Gikomba kabla ya arusi, na alipenda kutuambia kwamba lilimtangulia Mama kuingia nyumbani. Mama alikuwa akimjibu, "Na ndilo linalokuvumilia kuliko mimi."

Sheria ya kulibeba ilikuwa mume mbele, mke nyuma. Wajane walibebewa na vijana wa kwaya, lakini mtu na mkewe wakiwa wazima hakuna aliyewasaidia. Sisi watoto tulibeba Biblia, vitabu vya nyimbo na mdogo wetu wa mwisho, tukinuka mafuta ya mgando, viatu viking'aa hadi tulipokanyaga tope la kwanza. Mama alijifunga kitambaa chake cheupe kilicholoweshwa buluu ya kufulia na kupigwa pasi ya makaa, na hakuna malkia aliyemshinda siku hiyo.

Sasa jaribu kupitisha benchi refu katika vichochoro vya Majengo. Huku mtaro wa maji machafu, kule kamba za nguo, mbele yako mama wa watu anakaanga mandazi. Utaongea utake usitake. "Kuna shimo." "Inua kidogo." "Ngoja, kona." Waliolala wamepeana mgongo walifika kanisani wameshasemezana kuliko juma zima. Mchungaji wetu, mzee mcheshi, aliwapokea mlangoni na kuwaambia, "Mkifika na benchi, nusu ya mahubiri yangu mmeshajihubiria."

Ufunguo wa nyumba tulimwachia jirani yetu, Mama Zuhura. Yeye alikuwa Mwislamu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, si kama chetu tulichokuja nacho kutoka magharibi mwa nchi kikiwa kimevunjika miguu. Pilau yake ya Idi iliingia kwetu kabla haijapoa, na chapati zetu za Krismasi zilivuka kwake zikiwa bado na mvuke. Akituona tunachelewa alitufokea sisi watoto kama wake, "Nyie, Mungu anawangoja mpake mafuta mpaka lini?"

Nikiwa darasa la tano, kiwanda cha sabuni alichofanya kazi Baba kilipunguza watu. Baba akabaki kibarua, leo anaitwa, kesho anarudishwa langoni. Aliinamisha kichwa siku kadhaa, kisha akatoa amri kwamba shule zikifungwa, Mama na sisi watoto turudi shambani, yeye abaki mjini peke yake mpaka mambo yatengemae.

Mama alikataa. Alikuwa amewaona wanawake waliorudishwa hivyo. Mwaka wa kwanza mume anakuja Krismasi, mwaka wa pili anatuma salamu, na baadaye habari zake unazisikia kwa watu. "Nyumba haikatwi vipande viwili ikaendelea kuitwa nyumba," alisema. Baba hakuiondoa amri yake. Tukawa tunakula tukisikiliza vijiko. Niliogopa sana. Usiku nilijiona ndani ya basi, Baba akiwa amesimama chini anatupungia mkono, nami sijui nitamwona tena lini.

Jumapili iliyofuata, benchi halikutoka. Baba alilala akiutazama ukuta. Mama aliinama kwenye karai akafua nguo, siku ya Jumapili, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Ngoma za kanisa tulizisikia kwa mbali. Wiki ya pili ikawa vivyo hivyo, na Mama Zuhura alisimama mlangoni kwake amekunja mikono.

Kwetu hakusema, lakini alisema pengine. Alimkuta sokoni Mama Rebeka, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika popote. Mama Rebeka mwenyewe alikuja kutusimulia baadaye maneno aliyoambiwa: "Benchi la jirani yangu halijatoka wiki mbili. Mimi si wa kanisa lenu, lakini macho ninayo."

Jumapili ya tatu tulizisikia ngoma tena, ila safari hii zilikuwa zinakuja. Zikaingia kwenye kichochoro chetu, na nyuma yake kanisa zima, kila mume na mkewe na benchi lao, na mchungaji amejitwisha kiti chake kichwani. Ua ulikuwa umeshafagiliwa na kamba za nguo zimeondolewa. Mama Zuhura alijua. Wakapanga mabenchi uani, wakaacha nafasi mbele.

"Hodi, Baba Nekesa," Mama Rebeka akaita. Nekesa ndimi mimi. "Hatukuja kuwauliza kitu. Ni kwamba pale mbele pana pengo lenu, na ibada hatuianzi na pengo."

Baba alitoka na fulana yake ya ndani, akaona watu, akarudi kuvaa shati. Kisha akaenda kwenye benchi na kushika upande wa mbele. Mama alikuwa bado amesimama penye karai, mikono imelowa. Hakuna aliyesogea. Nikaona aibu kwa ajili ya Baba, nikakimbia kushika upande wa nyuma. Mama Rebeka akanidaka mkono. "Wewe shika Biblia," akaniambia.

Baba akangoja pale ameinama. Mwishowe Mama akajifuta mikono kwa leso, akaingia ndani, akashika upande wake. Mlango wetu ulikuwa mwembamba na kizingiti kirefu.

"Inua kidogo," Baba akasema.

"Nimeinua. Wewe ndiye umelala upande mmoja."

Mtu mmoja uani akacheka, kisha Baba akacheka, kisha benchi likakwama mlangoni kwa sababu wote wawili walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nalia na sikujificha.

Baada ya ibada tulikunywa chai iliyopikwa kwenye sufuria kubwa ya Mama Zuhura, ile ya pilau. Baba akasimama mbele ya wote. "Nilitaka kuwapeleka kwa sababu niliona haya," alisema. "Nilidhani mtu akianguka awafiche watu wake wasimwone. Sasa mmeniona. Hawaendi." Akaketi. Mama akamsogelea kidogo, na hatukurudi shambani isipokuwa Krismasi, sote pamoja.

Shida haikuisha siku ile. Mama aliungana na Mama Rebeka kukaanga mandazi, na Baba akajifunza useremala kwa mzee mmoja wa kanisa. Kuna jioni tulizokunywa uji tukalala. Lakini tuliunywa tukiwa wote, na hilo najivunia mpaka leo kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Siku hizi naishi mtaa wa Fedha. Kanisa langu lina viti vya mto, skrini na mtu wa kukuonyesha pa kuegesha gari, na jina la anayeketi karibu nami silijui. Kijana wangu husali kwa simu, kitandani, blanketi mpaka shingoni, anatuma "amina" kwa kidole gumba. Nilipomsimulia habari hizi aliniuliza, "Mathe, si mngewacha tu hizo benchi huko kanisa?" Nikamwambia zingekuwa kuni kabla ya Jumatatu. Sikumwambia ninachokiwaza, kwamba akikosa kuingia kwenye simu wiki tatu, sijui ni nani atakayekuja mlangoni na ngoma.

Wazazi wangu wako Komarock, wamezeeka, na benchi liko barazani kwao. Mwezi uliopita niliwapelekea mkate nikawakuta wanalihamisha kufuata jua, Baba mbele, Mama nyuma. Magoti ya Mama si mazuri. Nikakimbilia upande wake.

"Wacha," Baba akasema bila kugeuka. "Wewe shika Biblia."

Nikawapisha, mkate wangu mkononi.

"Kuna ngazi hapo," Mama akamwambia.

"Nimeiona," akajibu Baba, nao wakashuka.