Pipa la Vifaranga Kwenda Ndalambo

Dada yangu Tabu alinitumia salamu kupitia kwa kondakta: mtoni samaki wamepungua, tanuri lake la kukaushia linalala baridi, na mumewe amechimba bwawa, nimtafutie mbegu ya samaki ng'ambo. Watoto wake wote walisomeshwa na perege wa mtoni aliowakausha na kuwauza Mlowo, kwa hiyo sikuuliza mara mbili. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, Tunduma bado iko Mkoa wa Mbeya, na mpakani hakuna kisichovuka. Mimi nauza vitenge hapo Tunduma, na ni mwoga tangu utoto. Hata jogoo akinikazia macho napisha njia.

Asubuhi nilivuka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Muuzaji alinijazia pipa la vifaranga wa samaki, kisha akaniinulia mama yao kutoka kwenye karai, mkia wake una mistari myeusi iliyosimama, ambayo perege wetu hana.

"Hawa hawachagui maji, mukwai," alisema, akiniita kwa heshima ya kwao. "Wazazi wao waliletwa kwa gari kutoka mbali sana, na wamezaa kila walikowekwa."

Barabara ya Sumbawanga ilikuwa ya vumbi. Nilipanda pikapu ya Maulidi, mtu wa Mwanza aliyekuwa akibeba mahindi, na njia nzima nilihofia vifaranga wasife kwa joto. Alipoona nageuka kila mara kulitazama pipa, aliniuliza nawapeleka wapi.

"Bwawani kwa dada."

"Basi wabaki bwawani. Kwetu ziwani kulikuwa na samaki wadogo wa kila rangi, bibi alikuwa anawataja mmoja mmoja. Watu wakaleta sangara. Mimi majina ninayo, ila samaki wenyewe sijawahi kuwaona."

Alisema hayo kwa upole, akaendelea kuendesha. Tangu hapo kila maji yalipotikisika pipani nilishtuka, na sikuwa tena nahofia kufa kwao.

Ndalambo tulifika mchana. Nilimwamkia dada, na kabla sijanywa maji nikamweleza: hawa wasiingie kwenye kijito, kwa sababu kijito kinaingia Mto Momba, na Momba unaingia Ziwa Rukwa.

"Mdogo wangu, umeanza," alicheka. "Maji yamekaa bwawani, yataenda wapi?"

Jioni nilienda kuoga. Niliporudi nilikuta pipa tupu na majirani wanaondoka na masufuria. Nilipaswa kujua. Kijijini kwa dada mbegu mpya haipokelewi na nyumba moja. Iwe mahindi, maharage au viazi, anayeipata humjazia jirani chombo chake, wala hamuulizi atapanda wapi.

"Na Baba Ayubu?" niliuliza. Huyo ni mzee wa nyumba ya pili, na bwawa hana.

"Amezungushia matete pale kijitoni, penye kina. Ningemnyima mbegu, kesho ningemtazamaje?"

Nilikimbia na taulo begani, dada na shemeji nyuma yangu. Huko mlimani wingu lilikuwa limeshajaa. Baba Ayubu alikuwa amesimama kando ya uzio wake akitabasamu, na nilipomwomba tuwatoe alidhani namwona hastahili.

"Mama, nimekukosea nini? Ni samaki tu."

Shemeji alimtuliza, akaingia majini na chandarua. Tulitoa wachache. Kisha tukakisikia kijito kikivuma kabla hatujaiona mvua. Maji yalikuja mekundu, matete yakainama, halafu hayakuwepo. Nililia mbele za watu wazima. Dada alinishika akiniambia nitajiletea homa.

Asubuhi nilirudi Tunduma na Maulidi. Aliniuliza kama wamebaki bwawani. Nilimwomba afunge kioo, nasikia baridi.

Miaka michache baadaye nilikwenda tena Ndalambo. Tanuri lilikuwa linawaka, na dada, mjukuu wake mgongoni, alinivuta mkono hadi kwenye tenga la samaki waliotoka mtoni asubuhi ile. Wakubwa, wanene. Alimshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Niliwageuza mmoja baada ya mwingine hadi chini ya tenga, na kila mkia ulikuwa na mistari.

Safari ile ilinifundisha kwamba kuna mzigo ambao ukishaushusha huwezi kuupakia tena. Watu wananiambia niache woga, dada yako anakula na anauza. Ni kweli, lakini nikisikia mvua kubwa bado naamka.

"Unatafuta nini?" dada aliniuliza siku ile pale kwenye tenga.

"Perege wetu."

"Ah, yule," akasema, akamtaja kwa Kinamwanga, jina tulilofundishwa na mama. "Siku hizi haingii wavuni. Labda yuko mbele huko."

Mjukuu mgongoni akalirudia lile jina, akalitamka vizuri kabisa.