Viatu vya Watu Mlangoni pa Watawa

Hebu niambieni wanangu, kuna mmoja wenu alishawahi kuajiriwa kulinda viatu? Siyo kushona, siyo kuuza. Kulinda! Basi mimi bibi yenu, Mwanaisha binti Kombo wa Pangani, ndiyo kazi iliyonitoa ndani katika mji huu wa Sydney tangu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Jumamosi iliyopita wameniaga, na nyie vijana mnaohangaika kutafuta kazi nataka mjue kazi ile ilikuwaje, maana mimi mwenyewe nusu yake sijaielewa.

Nilikuja kumlelea mwanangu Rukia, ambaye ni nesi, mtoto wake Salma. Tukakaa Guildford. Salma alipoanza skuli, ah, nikabaki na kuta. Mama yuko zamu, mtoto yuko skuli, mimi na friji tunanguruma pamoja. Kiingereza changu kilikuwa yesi na thenkyu. Shule yangu darasa la pili, nikatolewa nikamsaidie mama kukaanga vitumbua. Wa kuongea naye sina, nikaanza kuongea na sufuria.

Jirani yetu alikuwa dereva, mzee wa Kilebanoni, Abu Nabil. Aliendesha basi dogo la matembezi. Kila Jumamosi wastaafu wa Kizungu wanachukuliwa asubuhi, wanazungushwa kwenye nyumba za watawa na mahekalu nje ya mji, jioni wanarudishwa. Siku moja akamwambia Rukia juu ya ukuta wa ua, "Meneja wetu anatafuta mama wa basi. Hajja huyu anafaa." Makkah sijafika mie, lakini jina zuri, nikamwachia.

Rukia akaniuliza, "Mama, na dini je?"

"Nitakaa na viatu, mwanangu. Sisujudu."

Siku ya kwanza Meneja alinipokea kituoni kavaa kaptula na soksi ndefu, kalamu sikioni. Alisema maneno mengi sana. Abu Nabil akanitafsiria kwa Kiingereza cha polepole, na Kiarabu, na mikono yote miwili. Nikaambulia kwamba mama wa basi anahesabu vichwa. Hesabu ya vichwa ni hivi: watu wakishakaa unahesabu kutoka mbele, unarudia kutoka nyuma, hesabu zikikubaliana unampigia dereva bati, ngo ngo, basi linaondoka. Nilihesabu kwa Kiswahili kwa sauti, wale wazee wakainamisha vichwa. Walidhani nawaombea dua ya safari! Mwisho mmoja akasema amina.

Jambo jingine lilikuwa stara. Mtu haingii mahali pa ibada magoti nje, na Wazungu wale walikuja na kaptula kama Meneja wao. Nilikuwa nimebeba kanga zangu, nikawafunga mmoja mmoja pale kwenye ngazi ya basi. Bibi mmoja mnene, mcheshi, akapata kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Akaniuliza maana yake. Sasa ningemwambia nini na yesi na thenkyu? Nikamwambia yesi. Akafurahi, akatembea nayo kutwa.

Halafu ndiyo viatu. Nyumba ya watawa wa Kibudha ilikuwa juu kilimani, miti kila upande, na mlangoni unavua viatu, sawasawa na msikitini kwetu. Hapo sikuhitaji mkalimani. Unavipanga jozi jozi, visigino kwenye mlango, ncha zatazama nje, ili mwenyewe akitoka anaingiza mguu tu na kwenda. Jozi zinazofanana unazibana na kibanio cha nguo, zisibadilishane. Kilichopinduka, soli juu, unakigeuza upesi. Hilo nililelewa nalo, sijui sababu yake, na nikikiona kimepinduka roho haitulii.

Basi niko hapo nimeinama, nimechangamka, naona kazi ndiyo hii. Mara akatoka mtawa mkuu. Mzee, kichwa kimenyolewa, nguo rangi ya manjano iliyoiva, anatembea kama hataki kuiamsha ardhi. Moyo wangu ukasema huyu ni shekhe mkubwa. Na kwetu shekhe mzee akipita, mwanamke anafanyaje? Unatanguliza ncha ya mtandio juu ya mkono, unaupokea mkono wake, unaubusu. Nikaenda. "Shikamoo mzee wangu!" Nikaukamata.

Wanangu! Yule mzee aliruka nyuma kama kakanyaga kaa la moto. Watu wote wakasema haa! Binti aliyekuwa akiwahudumia watawa akaziba mdomo. Meneja, aliyekuja nasi siku ile, akaiva kama pilipili. Mimi nimebaki na mtandio hewani, sijui nimeua au nimeiba.

Abu Nabil akaja mbio kutoka kwenye basi. "Hajja, umetumaliza! Mwanamke hamgusi mtawa. Hata dada yake. Hata mama yake."

"Hata mama? Sasa nani alimuogesha?"

"Hajja, siyo wakati wa maswali."

Meneja akanisogelea, anaongea kwa meno. Abu Nabil akatafsiri, na safari hii hakutumia mikono. "Anasema wakitufungia mlango huu, safari za Jumamosi zimekufa. Na wewe kazi yako imekwisha leo hii."

Nikakaa chini kati ya viatu. Nikaiona friji ile ya Guildford. Nikajiona narudi kuongea na sufuria. Machozi yakanitoka, nikashika kiatu cha mtu nikawa nakipangusa tu, kisafi tayari, napangusa.

Hazikupita dakika nyingi yule mzee akatoka tena, na yule binti nyuma yake. Akapiga goti mbali na mimi kidogo, akatandika kitambaa sakafuni mbele yangu, ncha moja kaishika mwenyewe. Akangoja. Nikatazama kitambaa, nikamtazama yeye. Nikadhani ananipa, labda kimenajisika na mimi nikafue. Nikakivuta. Na yeye akakivuta! Nikavuta, akavuta. Ya Rabi, mimi na shekhe wa watu tunagombea nguo mlangoni!

"Usivute, Hajja!" Abu Nabil anapiga kelele. "Weka kitu juu yake! Cha mwanamke hukipokea kwa kitambaa!"

"Kitu gani?"

"Chochote!"

Nikanyanyua mkono.

"Siyo kiatu!"

Nikakumbuka kikapu changu. Nilikuwa nimekaanga visheti vya njiani, nimevishikisha shira vizuri, vimekauka. Nikaweka kifurushi kizima juu ya kitambaa. Mzee akakivuta taratibu upande wake na visheti vyake, akavitazama, akala kimoja. Baadaye niliambiwa watawa wale ikishapita adhuhuri hawali tena mpaka asubuhi, na bahati yangu ilikuwa haijafika. Kufunga kwao ni kinyume cha kwetu. Sisi jua likizama tunafungua, wao jua likielemea upande ndiyo wanafunga.

Akasema maneno kwa lugha yake, marefu, mazuri. Binti akayageuza Kiingereza, yakapungua. Abu Nabil akayageuza kwa lugha zake, yakapungua tena. Mimi yaliyonifikia ni neno moja, "vizuri". Sasa nini vizuri? Visheti? Mtandio wangu niliotanguliza? Au alikuwa na njaa tu, maskini? Mpaka leo sijui.

Lakini mlango haukufungwa. Meneja akapumua, akasema, "Umebaki kazini. Hivyo vitamu uvilete kila Jumamosi. Lakini mlango huu usiuvuke. Wewe ukae hapa, kwenye viatu."

Nikakaa. Miaka yote nikakaa.

Tulipelekwa na kwingine. Kulikuwa na hekalu la Wahindi, kusini, porini, minara yake myeupe imejaa masanamu ya watu na ng'ombe. Huko kazi ilinitesa moyo, maana watu walikuja na nazi nzima, wakaipiga kwenye jiwe, paa, maji yote chini! Hakuna mbuzi ya kukunia, hakuna tui. Nilikuwa nageuza uso. Meneja alikuwa ametangaza mahekalu ya kale, na siku moja wazee wakalalamika, wanasikia harufu ya rangi, kale iko wapi? Meneja akawajibu, "Dini ni ya kale. Rangi ni ya mwezi uliopita." Wakapiga picha.

Huko nako sikuvuka mlango. Amri ilitolewa mlango mmoja, mie nikaivalisha milango yote, nisije nikaharibu tena.

Ila nilikuwa nauliza, jamani, mle ndani mna nini? Maana walikuwa wakiingia wanapiga soga, wanatoka kimya, wengine macho mekundu, wanavaa viatu kama hawavioni. Yule bibi mcheshi aliniambia mna sanamu kubwa ya dhahabu. Mwingine akasema hamna kitu, ndiyo uzuri wake. Mzee mmoja akasema zulia la kijani na feni mbovu. Nikamwuliza Abu Nabil, akasema, "Mimi? Mimi hulala kwenye basi." Nikaziweka zote kichwani, dhahabu, hamna kitu, na feni mbovu, nyumba haijengeki.

Mwaka huu magoti yamekataa kuinama. Jumamosi iliyopita wakanifanyia chai ya kuniaga, palepale kilimani, na Salma akaja kunitafsiria. Nikamwambia, mwulize Meneja, sasa nimestaafu, amri yake imekwisha? Naweza kuvuka?

Salma akauliza. Meneja akakuna kichwa, kimeshakuwa cheupe. "Mlango gani? Mimi nilimkataza? Lini?"

Hakumbuki! Wallahi hakumbuki. Nikacheka mpaka chai ikamwagika, halafu nikajikuta silii wala sicheki. Basi lilikuwa linapigiwa bati, vichwa vimeshahesabiwa, na kidogo tu mimi ningeingia, lakini safari haikungoja. Wanangu, mkubwa akikupa amri, itii. Lakini ikizeeka, mwulize kama bado ni yake.

Njiani Salma aliegemea kioo tu. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Tulipofika Guildford, nafungua mlango, ndiyo akanishika mtandio.

"Bibi, Jumamosi ijayo tunarudi. Nitamwomba Mama atupeleke kwa gari. Wewe utaingia."

"Na viatu, nani atakaa navyo?"

Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kila neno kwa zamu yake. "Mimi. Nitavigeuza vitazame nje. Na ukae ndani mpaka uchoke, Bibi, sitakuita."