Ulikuwa Wapi Mwezi wa Nne

Shule zilipofunguliwa tena Kigali, mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, darasa langu la Nyamirambo lilijaa watoto nisioweza kuzungumza nao vizuri. Walikuwa wamezaliwa Uganda, wazazi wao wamerudi baada ya vita, na shuleni walizoea Kiingereza. Mimi nilisomeshwa kwa Kifaransa. Kila Jumatatu waliongezeka, na wenzao waliokuwa hapa siku zote wakaanza nao kukitaka hicho Kiingereza, maana waliona ndiyo lugha ya wakubwa wapya.

Mkuu wa shule akatuwekea walimu mafunzo ya mchana, baada ya vipindi. Mkufunzi alikuwa binti aliyekulia Kampala. Kifaransa hakujua, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kusalimia wazee, kwa hiyo kila tulipokwama tulikimbilia Kiswahili.

Hatukumwamini. Alikuja na chupa yake ya maji, na chai yetu hakuigusa. Mwenzangu wa darasa la tano, mzee mpole aliyefundisha hesabu tangu mimi nikiwa mwanafunzi, aliniinamia akaninong'oneza, "Dada, huyu hakutumwa kufundisha. Iko anatusoma."

Nami nikamtazama yeye. Siku hizo, mtu akikuambia anachunguzwa, unajiuliza ana nini cha kuchunguzwa. Mimi nilipona kwa kufichwa darini na jirani, nyuma ya msikiti. Yeye alipona vipi, sikujua.

Mchana mmoja binti aliandika ubaoni miezi yote ya mwaka kwa Kiingereza. Tulikuwa tunajifunza kusema mambo yaliyokwisha kupita. Alipita dawati kwa dawati na rula yake, akigusa mwezi na kuuliza. Ulikuwa wapi Januari? Nilikuwa nyumbani. Ulikuwa wapi Februari? Nilikuwa shuleni. Machi ilikuwa yangu, nikajibu nilikuwa sokoni. Aliyefuata alikuwa mzee.

"Ulikuwa wapi mwezi wa nne?" binti akamuuliza kwa Kiingereza.

Huo ndio mwezi mauaji yalipoanza. Mzee alisimama, akachukua kofia yake akatoka. Binti alibaki ameshika rula hewani. Hakuendelea na mwezi wa tano.

Kesho yake mzee hakuja kazini, wala siku iliyofuata. Chumba cha walimu kikagawanyika. Wengine walisema amekamatwa. Wengine walisema amekimbia, na anayekimbia swali la namna ile anajulikana. Hata mimi nilimfikiria vibaya kama wao.

Mwishowe nikamfuata binti uani. "Dada, lile swali nani alikutuma uulize?"

"Hakuna mtu alinituma. Hata sisi tulifundishwa hivyo, miezi, dawati kwa dawati." Akatazama chini. "Lilipotoka mdomoni ndiyo nilisikia nimesema nini."

"Na chai yetu? Mbona hunywi?"

Akazungusha kifuniko cha chupa yake. "Mama alinikataza. Alisema, watu waliobaki hapa usile kwao."

Niliumia, ila angalau lilikuwa jibu. Akaniomba nimpeleke kwa mzee akamwombe radhi. Nilikataa. Mtu wa serikali mpya akionekana mlangoni kwa mzee nami nikiwa nimemwongoza, majirani wangesema nini? Nikaenda peke yangu.

Mzee alikaa upande wa Rebero. Mke wake alifungua mlango nusu akasema mume wake amesafiri. Viatu vya mzee vilikuwa pale kizingitini, vimetoka kupakwa rangi. Nikapaza sauti ili aliye ndani asikie. "Mwambie hakuna aliyekuja kumtafuta shuleni. Mwambie watoto wa darasa la tano wanakaa bila mwalimu. Na kesho tunajifunza vyakula."

Alirudi baada ya siku chache, akachagua dawati la karibu na mlango. Binti alimsalimia kwa mikono miwili, kama anavyosalimiwa baba, na mzee akamwitikia bila kumtazama usoni. Tangu siku hiyo tulisoma vyakula, rangi, mambo ya leo na mambo ya kesho. Yaliyopita binti hakuyafundisha tena, na hakuna aliyemdai.

Kilichotusaidia zaidi ni wazo la binti la kukalisha mtoto wa Kampala na mtoto wa hapa kwenye dawati moja. Wazazi wa pande zote mbili walikuja kulalamika, kila mmoja akitaka kujua mwanawe amekalishwa pamoja na mtoto wa nani. Tuliwajibu kwamba madawati ni machache, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mafunzo yalikwisha, binti akahamishiwa shule nyingine. Mzee na mimi tuliendelea kufundisha vyumba vinavyopakana mpaka alipostaafu. Tulisahihishana Kiingereza, tukachekana matamshi. Alikokuwa mwezi ule hakuniambia, na mimi sikumwambia habari za darini.